Maswali kwa Bi Kapteni: Binti yangu anataka uafisa akiwa bado chuoni

Maswali ya safu hii hujibiwa na kapteni mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), mzaliwa wa Wete, Pemba.

Asalaam aleikum Bi Kapteni. Mie ni mama wa watoto wanne, nakaa Chake Chake, nauza vitambaa sokoni. Mwanangu wa pili, msichana wa miaka 19, yuko Ohio, Marekani, kwa baba yake tangu ana miaka 12. Baba yake ni raia wa huko, na mtoto naye ana pasi ya huko. Mwaka huu kaanza chuo kikuu, anasomea uuguzi. Juzi kanipigia simu ya video kavaa nguo za mazoezi, ananambia kajiunga na mafunzo ya uafisa wa jeshi hapo hapo chuoni, yanaitwa ROTC. Anaamka alfajiri kukimbia na wenzake, kisha anarudi darasani kama wanafunzi wengine. Baba yake kafurahi, kasikia kuna ada ya kulipiwa. Mie usingizi sina. Keshakuwa askari huyu? Akichoka watamfunga? Hijabu yake je? Watampeleka vitani? Na nani atamuoa? Isitoshe alikuwa na pumu tangu mdogo, nimelala naye sana hospitali. Nambie la kumwambia, maana maji akishayavulia nguo hana budi kuyaoga.
*Mama, Chake Chake*

Waaleikum salaam, mama. Mwanao si askari bado. Lishike hilo kwanza, kwa sababu barua yako yote imejaa hofu kwamba mlango umeshafungwa nyuma yake, na haujafungwa.

ROTC ni mpango wa kuwaandaa maafisa wa jeshi ndani ya vyuo vikuu vya kiraia. Ulianza kwa sheria ya ulinzi ya Marekani ya mwaka 1916, wakati Ulaya inaungua kwa vita na Wamarekani wana jeshi dogo tu la kudumu. Askari wa kawaida unaweza kumfunza kwa miezi. Afisa huchukua miaka, kwa hiyo wakaona wawatafute vijana ambao tayari wako masomoni. Na hata kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1862 iliyotoa ardhi kwa ajili ya vyuo vya majimbo ilitaka vifundishe mbinu za kijeshi pamoja na kilimo na ufundi. Ndiyo maana kule kumwona mwanafunzi ndani ya kombati hakumshangazi mtu.

Kuna mpango wa jeshi la nchi kavu, wa majini na wa anga, na kila mmoja una masharti yake. Muulize yeye yuko upi. Mimi nakueleza wa nchi kavu, ambao ndio ulioenea zaidi vyuoni.

Kijana hubaki mwanafunzi. Shahada yake itakuwa ya uuguzi kama ya mwenzake asiyevaa kombati. Juu ya masomo hayo anaongezewa kipindi cha masomo ya uongozi na ya kijeshi, mazoezi ya mwili alfajiri siku kadhaa za wiki, mchana mmoja wa vitendo, na mara moja moja wikiendi ya porini ya kusoma ramani na kuongoza kikundi kidogo. Kati ya mwaka wa tatu na wa nne huenda kambini Fort Knox, jimbo la Kentucky, kwa zaidi ya mwezi, na hapo ndipo anapopimwa kweli kama anaweza kuongoza watu waliochoka, wenye njaa, na yeye mwenyewe amechoka. Akifaulu yote na kumaliza shahada, hupewa kamisheni, yaani huapishwa rasmi kuwa afisa, kwa cheo kinacholingana na luteni usu wetu wa nyota moja.

Sasa fika kwenye jambo lenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, ikibidi mpe kijana wako akusomee tena. Kila mafunzo ya jeshi duniani yana siku ambayo ahadi inafunga. Kabla ya siku hiyo mtu anajaribu. Baada yake anadaiwa. Katika mpango huu, mwanafunzi asiyechukua ufadhili anaweza kuhudhuria mwaka wa kwanza na wa pili bila kufungwa na chochote. Akiona hapana, anaaga na kuendelea na chuo. Mkataba huja anapoingia mwaka wa tatu. Lakini akikubali ufadhili mapema, siku hiyo inasogea: aliyeanza nao mwaka wa kwanza hufungwa pale anapoanza mwaka wa pili. Akiuvunja mkataba baada ya hapo, anaweza kutakiwa kurudisha pesa zote alizolipiwa, au kuitwa kutumikia kama askari wa kawaida. Kufungwa jela kwa kuchoka hakuna, ila deni la ada za Marekani si dogo, na nimeona familia za hapa kwetu zikiyumba kwa deni la chini sana ya hilo.

Na ahadi yenyewe ni ya miaka minane kwa jumla. Aliyelipiwa ufadhili kwa kawaida hutumikia miaka minne ya kudumu, na iliyobaki huwa katika akiba. Asiye na ufadhili, miaka ya kudumu huwa mitatu. Wengine humaliza yote minane katika jeshi la akiba au la ulinzi wa jimbo, wakifanya kazi zao za kiraia huku wakiitwa kwa mazoezi. Binti wa miaka 19 ayahesabu haya kwa sauti mbele ya baba yake. Akipewa kamisheni akiwa na miaka 22, atakuwa na 30 ndipo awe huru kabisa.

Baba yake simlaumu. Ufadhili ni wa kweli: hulipa ada ya masomo, au badala yake makaazi na chakula, na kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, aliyesaini hupewa posho ya dola 420 kwa mwezi wa masomo. Kwa mzazi mhamiaji hiyo ni nafuu kubwa. Tena ana mfano wa kujivunia: Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaica, aliingia ROTC akisoma jiolojia chuo cha jiji la New York, akapata kamisheni mwaka 1958, na mwaka 1989 akawa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi yote ya Marekani. Lakini Powell aliyapenda mafunzo yale kuliko masomo yake ya darasani, na hilo ndilo la kumtazama mwanao. Nimekaa na maafisa walioingia kwa mapenzi na walioingia kwa shida ya pesa. Wa pili hufanya kazi, wengine vizuri, ila mwaka wa tatu wa utumishi unapofika unawatambua kwa nyuso zao. Mwambie aendelee mwaka huu wa kwanza na wa pili bila kusaini chochote, kama baba yake anaweza kuvumilia ada. Ajijue kwanza.

Kuhusu vita sikufichi. Ndiyo, anaweza kupelekwa. Kusomea uuguzi hakumuepushi, kwa sababu wauguzi wa jeshi hufuata majeruhi walipo, ingawa wengi kazi yao ya kila siku iko katika hospitali kubwa za jeshi. Afisa wa Marekani huapa kuilinda Katiba ya nchi ile, na huendi mbele ya kamanda ukachagua nchi ya kwenda. Mwanao ni Muislamu, ana watu wake huku na ana nchi yake kule. Kuna siku anaweza kujikuta katika amri ambayo moyo wake unaisita. Swali hilo hawezi kulijibu mama kwa simu wala baba mezani. Wa kulijibu ni yeye, kabla ya mwaka wa tatu, akiwa amekaa na watu wanaolijua: jeshi lile lina maimamu wake wenyewe, wa kwanza aliingia mwaka 1993, na wapo Waislamu waliovaa sare hizo miaka mingi. Awatafute awaulize wanavyoishi nalo. Mimi nilipokula kiapo changu nilijua naapa kulinda visiwa hivi na bara yake, na hata hivyo usiku ule nilikaa kimya sana. Yeye lake ni zito zaidi, na ana haki ya kupewa muda.

Hijabu: mwanzoni mwa mwaka 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani lilitoa mwongozo unaomruhusu askari wa kike kuvaa hijabu kwa sababu ya dini, kwa ombi lililoidhinishwa na kamanda wa ngazi ya brigedi. Aombe kwa maandishi, apate jibu kwa maandishi, na jibu liwe mkononi kabla ya mkataba. Taratibu za mavazi hubadilika wakubwa wanapobadilika. Neno tamu la mwalimu wa mazoezi uwanjani lisimtoshe.

Pumu ni jambo unaloweza kumsaidia wewe kuliko mtu yeyote. Watampima, na fomu zitamuuliza. Pumu iliyoendelea baada ya kutimiza miaka 13 ni kikwazo kwao, ingawa mtu anaweza kuomba kusamehewa kigezo. Wewe ndiye unayejua ilimshika mara ya mwisho lini. Kaa, kumbuka, ukiwa na kadi zake za hospitali zitoe, zipige picha umtumie. Na aandike ukweli hata kama utamkosesha nafasi. Mtu akidanganya fomu ya afya, anakimbia milimani na kifua ambacho daktari wake hakijui.

Umeuliza nani atamuoa. Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo nilipoaga Wete kwenda Monduli, kwenye chuo cha maafisa wa jeshi letu. Niliolewa nikiwa luteni, na mwalimu wa Mkoani, mtu mpole ambaye hakuwahi kuona aibu kunipokea bandarini nikiwa na sare. Watoto wetu wamekulia kwenye nyumba ya jeshi na wako salama. Mwanao hata hakatazwi kuolewa akiwa kwenye mafunzo yale ya chuoni, tofauti na huku kwetu ambako matangazo ya kuandikisha hutaka kijana asiyeoa wala kuolewa. Mume wa kweli hapungui kwa sababu ya kombati. Wanaopungua ni wale wasiotaka mke mwenye amri, na hao akose tu.

Mwandikie maswali manne tu: ni jeshi gani, umesaini nini mpaka leo, tarehe gani mkataba unakufunga, na hijabu umeandikiwa nini. Akikujibu yote manne bila kubabaika, jua unazungumza na mtu mzima.

---

Shikamoo Bi Kapteni. Niko mwaka wa pili SUZA, Tunguu, nasoma teknolojia ya habari. Nimeona kwenye simu vijana wa Marekani wanasoma chuo na kufunzwa uafisa kwa pamoja. Kwetu upo mpango kama huo? Kuna bwana mmoja Darajani ananambia nikimpa laki nane ataniingiza Monduli, mradi niache chuo nikajitolee Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Miezi mitatu ya JKT baada ya kidato cha sita nilishakwenda. Baba yangu mvuvi, hili sijamwambia.
*Kijana wa Tunguu*

Marahaba, mwanangu. Huyo bwana usimpe hata shilingi, na simu yake usipokee tena. Nafasi za JWTZ hutangazwa hadharani, maombi hayalipiwi, na jeshi lenyewe limekuwa likionya kila mara kuhusu watu wa aina yake. Hakuna mtu wa Darajani mwenye ufunguo wa Monduli. Laki nane kwa mvuvi ni mashine ya boti iliyokwenda kwa fundi ikarudi inafanya kazi. Mwambie baba yako leo, kabla huyo mtu hajakuzungusha zaidi.

Mpango wa kuwa kadeti ukiwa SUZA, au chuo kingine cha kiraia hapa Tanzania, haupo. Kwetu njia ni ya kufuatana. Unasoma, unamaliza, unaomba nafasi zinapotangazwa, unaingia kama kuruta, unapikwa huko kwenye mafunzo ya awali, na kutoka humo wako wanaoteuliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli kuwa maafisa wanafunzi. Wanaomaliza hutunukiwa kamisheni na Rais, ambaye ni Amiri Jeshi Mkuu. Miaka hii Monduli kuna pia shahada ya sayansi ya kijeshi ya miaka mitatu, ambapo kijana anasoma na kufunzwa uafisa mahali pamoja. Lakini huko chuo kimeingia ndani ya jeshi. Kule Marekani, jeshi ndilo limeingia chuoni.

Nikwambie na hili ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia: shahada haikupi nyota. Wapo wenye shahada ambao ni askari wa kawaida na wanafanya kazi yao kwa heshima. Kuteuliwa uafisa hutegemea nafasi, mwenendo wako kurutani, afya, na mahitaji ya jeshi wakati huo. Ukiingia kwa sharti moyoni kwamba usipopewa nyota utasusa, utateseka na utawatesa waliokuzunguka.

Kuacha chuo mwaka wa pili nakukataza kama ninavyomkataza mwanangu wa kumzaa. Jeshi la leo lina mitambo ya mawasiliano, ramani za kompyuta, mifumo ya kulindwa dhidi ya wadukuzi. Fani yako inatafutwa. Ukitoka sasa unakuwa kijana wa kidato cha sita kama maelfu wengine. Ukimaliza una taaluma, na matangazo ya karibuni humpa mwenye shahada miaka michache zaidi ya umri kuliko aliyeishia sekondari. Na ikiwa unasoma kwa mkopo wa serikali, ukiacha njiani deni halikuachi.

Miaka hii miwili iliyobaki itumie. Cheti chako cha JKT kihifadhi mahali pakavu. Matangazo mengi yamekuwa yakikidai. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimama mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo kaka zako wengi hawakuipata nafasi uliyoipata. Kisha kaa chini na karatasi zako zote: cheti cha kuzaliwa, vya kidato cha nne na cha sita, kitambulisho cha Mzanzibari, cha NIDA. Majina yasome herufi kwa herufi. Hapa visiwani mtoto anaandikwa Hamad skuli na Hamadi kwenye cheti cha kuzaliwa, babu anaingizwa hapa na kuachwa pale, na hakuna anayejali mpaka siku ya usaili. Nimewaona vijana hodari, wenye vifua vya kukimbia mchana kutwa, wakirudishwa kwa herufi moja. Kurekebisha huchukua muda, na muda unao sasa.

Mwili nao usiusahau. Kimbia alfajiri baada ya sala, barabara ya Tunguu huwa tupu wakati huo. Kama hujui kuogelea, jifunze, aibu kwa mtoto wa mvuvi wa Unguja kuogopa maji. Jiweke mbali na bangi na kesi za polisi, kwa sababu tabia inaulizwa mpaka kwa sheha wako. Na gombea uongozi wa wanafunzi, hata wa bweni, hata wa timu ya mpira. Kuwapanga watu ishirini wanaokujua udhaifu wako, wakakusikiliza, ni mafunzo ya uafisa ambayo hayahitaji kusubiri tangazo.

---

Bi Kapteni, nimemaliza kidato cha sita Micheweni. Watu wananambia niingie KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, kwanza kwa vile ni hapa hapa Zanzibar, halafu nihamie JWTZ nikitaka kuwa afisa. Njia hiyo ipo?
*Binti wa Micheweni*

Mwanangu, soma tangazo la JWTZ lolote la miaka ya karibuni: hutaka mwombaji ambaye hajatumikia polisi, magereza, Chuo cha Mafunzo (ndiyo magereza ya Zanzibar) wala KMKM. Waliokushauri wanakupenda, ila ushauri wao utakufungia mlango unaoutaka.

Ukiipenda KMKM, ipende kwa kazi yake. Wanalinda bahari yetu dhidi ya magendo, wanaokoa watu vyombo vinapozama, na wana maafisa wao wenyewe, wanawake wakiwamo. Kwa binti anayejua mkondo wa bahari ya Micheweni ni kazi ya maana, na unaweza kupanda vyeo humo humo. Lakini ukitaka JWTZ, subiri wito wa JKT kwa waliomaliza kidato cha sita, nenda, rudi na cheti, na wakati huo huo omba chuo. Fomu za vyuo na mikopo huwa na tarehe ya mwisho. Usiziache zikupite huku umekaa unasubiri tangazo la jeshi.